Mbuni Anaota

Kabla Theodosia hajanawa uso asubuhi, usimsemeshe. Liuli nzima, kando ya ziwa, inalijua hilo. Ukifika kwake ukamkuta kwenye kigoda na matongotongo yake, mkaa mkononi, anachora, wewe tafuta kivuli ukae. Mwenyewe anasema maji yakigusa macho tu, ndoto imekwenda. Mumewe Hamphrey, fundi wa mashine za boti, amekwishazoea. Mtu akiuliza mama yuko wapi, anajibu, "Hajanawa," na mtu anaelewa kwamba yuko kazini.

Maana kazi yake ndiyo hiyo: anaota, anaamka, anachora alichoota. Waliosoma wanaiita sanaa ya kisasa. Majirani wanaiita vituko, lakini wamevitundika sebuleni.

Hakuzaliwa ziwani huyu. Kwao ni Maguu, huko juu kwenye kahawa na baridi ya kutoboa mifupa. Baba yake, mzee Pankras, alikuwa mkulima hodari na mtu wa maneno machache, na hayo machache yenyewe makali. Alfajiri nyumba nzima ilizunguka mafiga kuota moto, na Theodosia, mtoto wa miaka saba, akaanza hadithi zake: ameota ng'ombe ana mbawa, ameota padri anaogelea kwenye chungu cha maharage. Ndugu zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakucheka.

"Hapa tunaota moto," alisema. "Ndoto kaotee kitandani."

Mtoto akaokota mkaa, akamchora yule padri ukutani. Mzee akausiliba ukuta udongo mweupe siku hiyohiyo. Kesho yake padri alikuwa amerudi, safari hii maharage yamemfika kidevuni.

Vita hivyo vya ukuta viliendelea miaka, na mshindi hakupatikana. Mzee alikuwa na neno lake moja: ndoto haziliwi. Alimwambia alipomaliza shule. Alimwambia hata siku anaolewa, mbele ya wakwe kutoka ziwani. Jamani! Bibi harusi yuko ndani ya shela, machozi ya furaha yanamtoka, na baba anamkumbusha habari ya kula.

Liuli ndiko alikopata nafasi. Hamphrey akimaliza kupaka boti rangi, mabaki ya makopo anamletea mkewe. Kitambaa cha wachoraji huko hakuna, basi Theodosia akatafuta chake: anachukua gunia la kahawa, analisiliba uji mzito wa muhogo, analianika juani mpaka likauke na kukaza. Rangi ya udongo anaipata kwa kuchemsha kahawa hadi iwe nzito na nyeusi. Picha yake ya kwanza ililiwa nusu na mbuzi wa jirani, kwa sababu uji ni uji hata ukipakwa guniani. Tangu hapo anatia na gundi ya mbao, na mbuzi wakipita wananusa tu na kwenda zao.

Akachora samaki waliopanda kuketi juu ya paa la kanisa. Akachora bibi kizee anashona ziwa lililochanika. Walimu wakanunua, wageni wa Songea wakanunua, na ndoto zikaanza kulika, tena kwa wali. Lakini jambo moja lilimkaa kooni. Miaka ishirini na ushee, Maguu haijamwomba hata kibao cha duka. Baba yake hajawahi kutia macho kwenye picha yake hata moja. Watu husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye kwao hajaitwa hata ngomani.

Basi mwaka jana, karibu na msimu wa kuchuma, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Cletus, waliyesoma naye shule ya msingi, sasa katibu wa ushirika wa wakulima:

"Dada Theodosia, habari za ziwani. Tunafungua ghala letu jipya mwisho wa mwezi. Wanachama tunaomba utuchoree picha kubwa ya mbuni anaota, tuiweke ukutani. Mzee wako naye atakuwepo."

Theodosia alipiga kigelegele mpaka Hamphrey akaangusha spana.

"Mbuni?" Hamphrey aliuliza alipousoma. "Yule ndege mkubwa?"

"Ndiye."

"Kwani Maguu kuna mbuni?"

"Hakuna! Ndiyo maana wanamtaka anayeota."

Sasa utaniuliza, mtoto wa mkulima wa kahawa atasahauje kwamba mbuni ni mti wa kahawa? Hakusahau. Lakini soma mwenyewe: anaota. Mti nao huota, ndiyo, ila mti unaota. Anayeota ni mwenye roho. Theodosia alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili chake kizuri ndicho kilichomponza. Pia furaha, tusifichane. Mtu aliyengoja mwaliko miaka ishirini haulizi maswali mlangoni.

Usiku tisa mfululizo hakuota ndege yeyote. Aliota vijiko, aliota bodaboda, na kila asubuhi alinawa kwa hasira. Asubuhi ya kumi akatoka mbio bila hata viatu, akashika mkaa.

Alikuwa amemwona. Mbuni mkubwa kuliko kijiji, amelala juu ya milima ya Maguu, shingo imezunguka kilima, jicho limefumbwa kwa raha. Na mgongo wake wote ulikuwa ngoro, yale mashamba ya Wamatengo, watu wa kwao: majani yamelazwa miraba miraba kwenye mteremko, yamefukiwa udongo, na katikati ya kila mraba shimo la kukamata maji ya mvua. Theodosia aliunga magunia manne. Alichora siku kumi na moja, akiimba, na Hamphrey ndiye aliyepika.

Siku ya ghala alifika Maguu na picha yake imeviringishwa begani. Mzee Pankras alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini. Binti akapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda."

Hayo tu. Picha ikatundikwa, ikafunikwa kanga, hotuba zikasomwa. Kisha Cletus akavuta kanga kwa madaha.

Mama mmoja kwa nyuma: "Yesu na Maria! Kuku gani huyo?"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Cletus alisimama na kanga yake mkononi, mdomo wazi.

"Dada, mimi nilisema mbuni! Mbuni wetu, wa kahawa! Mbuni anaota!"

"Mbuni unaota, Cletus! U-na-o-ta!"

Hapo ndipo Theodosia alipokumbuka, kwa kuchelewa, kwamba huyu Cletus ndiye yuleyule aliyechekwa darasa la pili kwa kumwambia mwalimu kiti amevunjika. Herufi moja! Watu walicheka, wakashikana mabega, wakafuta machozi. Naye alitamani ardhi ipasuke immeze. Kitu cha kwanza kwao kumwomba, mbele ya baba yake, amekiharibu. Akaenda ukutani kuifungua kamba ya picha.

Fimbo ikamzuia mkono.

Mzee Pankras alikuwa amesimama. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa gunia, akaweka kidole juu ya mgongo wa yule ndege, akafuata mstari mmoja wa majani. Mingine yote ilinyooka. Huo ulikwenda vizuri, kisha ukapinda kama mtu aliyekwepa jiwe, ukarudi. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Nani alikuonyesha huu?"

"Nimeuota, Baba."

"Huu niliulaza mimi. Majani yalipungua, nikaupinda. Mama yako, Mungu amrehemu, alinicheka mchana kutwa. Akaufukia hivyohivyo, anacheka." Mzee akaurudia mstari kwa kidole. "Msimu uliofuata nikaulaza upya, umenyooka. Wewe ulikuwa mgongoni kwake, Theodosia. Ulikuwa hujaota hata jino."

Theodosia alikuwa akilia na kucheka, vyote kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

Mzee akawageukia watu. "Mlikuwa mnacheka nini? Hili ni shamba langu."

Cletus akakohoa. "Mzee wangu, basi tuendelee na ratiba? Ngoma ya lizombe iko nje inasubiri."

Mzee Pankras alivuta kiti chake cha plastiki, akakigeuza kikatazama ukuta, akawapa mgongo wageni waalikwa na katibu wao, akakaa. Halafu akapapasa kiti cha pembeni, na binti yake akaja akaketi.

"Waambie wapige taratibu," alisema mzee. "Huyu amelala."