Lita Nne za Bi Ujazo

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye leseni tu. Pale kwenye kampuni ya maziwa, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mzee mwenyewe mwenye mali, wote walimwita Bi Ujazo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kabla hajashika usukani alikuwa mhudumu wa pampu kwenye kituo cha mafuta. Miaka kumi na mmoja alisimama juani ndani ya ovaroli iliyomzidi mabega, na huko ndiko alikojua kwamba dizeli ina hila. Ukiimimina kwa pupa inatoa povu, povu linapanda mpaka mdomoni mwa tangi, pampu inajikata yenyewe, tak, na mwenye gari anaondoka akiamini amejaza. Kumbe amebeba povu. Yeye alikuwa anasubiri. Analitikisa gari kwa nyonga, anasubiri tena, anaongeza kidogo kidogo mpaka aione dizeli yenyewe inang'aa shingoni. Wenye haraka walimpigia honi na kumwita kobe. Wenye safari ndefu walipanga foleni kwake peke yake.

Kuendesha alijifunza hapohapo, kwa kusogeza magari ya wateja hatua tano mbele, hatua tano nyuma. Shule aliiachia darasa la nne, lakini maswali ya leseni aliyajibu yote isipokuwa moja, na hilo moja mpaka leo anabishana nalo. Siku alipopata leseni alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu. Mume wake, fundi cherehani, alimshonea kizibao chenye mifuko minne: wa leseni, wa kalamu, wa daftari, na wa nne, alisema, "wa kuwekea maneno ya watu, ufunge zipu."

Maneno yalikuwepo, si haba. Madereva walikuwa sita na watano walikuwa wanaume, nao wiki ya kwanza waliwekeana dau ataligonga gari siku gani. Miaka tisa ikapita, wale wa dau wakachoka kusubiri. Gari lake lilikuwa jeupe, na mgongoni limebeba boksi la baridi. Kila siku alizungukia vituo ishirini na sita, maduka kwa shule, na cha mwisho kilikuwa hospitali. Hakuna kreti hata moja iliyowahi kufika imechacha. Jioni alijaza tangi kwenye pampu ileile, magurudumu yakiwa juu ya saruji ileile iliyonyooka, akaandika kilomita na lita kwenye daftari. Hakuna aliyemwagiza aandike. Aliandika kwa sababu alipenda kulijua gari lake, kama mama anavyojua mtoto wake anakula kiasi gani.

Basi, akaja Bwana Asilimia.

Huyu alikuwa mkwe wa Mzee, kijana msafi, viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope, na Mzee alimpa kazi ya kusimamia magari. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu baba mkwe wake aone kwamba binti yake hakukosea kuchagua. Kila alichosema kilikuwa na asilimia ndani yake, ndiyo maana wapakizi wakambatiza hivyo siku ya pili tu. Alibandika simu kwenye dashibodi ya kila gari, na ndani ya kila simu kulikuwa na programu ya kupima mafuta. Unaiambia aina ya gari na ukubwa wa injini, basi. Yenyewe inafuata mwendo wa gari kwa setilaiti, inapiga hesabu, jioni inakuambia umechoma lita ngapi.

Bi Ujazo aliitazama simu ile siku ya kwanza, ikampiga mwanga machoni. Akaifunika kwa kitambaa cha kufutia kioo. Wiki mbili nzima hakuifunua.

Wiki ya tatu, Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, wapakizi wakiwa katikati ya kupanga kreti, Bwana Asilimia akaja na karatasi mkononi.

"Bi Ujazo, samahani kidogo."

"Sema, mwanangu. Maziwa hayana subira."

"Programu inasema gari lako linakula lita kumi nukta saba kwa siku. Risiti zako zinasema kumi na tano. Umezidisha kwa asilimia arobaini."

"Leo kaanza mapema na asilimia zake," akasema mpakizi mmoja mnene aliyeitwa Kreti, na wenzake wakacheka.

Bwana Asilimia hakucheka. "Ni lita nne na ushee kila siku, mama. Zinaenda wapi?"

Hapo kicheko kikakatika. Kwenye kazi ya magari swali hilo lina maana moja tu. Kila mtu pale alishawahi kuona dumu na kipande cha mpira wa kufyonzea mafuta, na kila mtu alimjua dereva fulani aliyeondoka kazini bila kuaga kwa ajili ya vitu hivyo viwili.

"Unaniuliza zinaenda wapi," akasema Bi Ujazo taratibu, "au unaniambia?"

"Nauliza tu. Simu haina chuki na mtu."

"Wala mimi sina."

"Kama mpaka Ijumaa hakuna maelezo, itabidi funguo apewe mwingine. Mzee anajua."

Siku hiyo alizunguka vituo vyake vyote kama kawaida, akasalimia kama kawaida, ila muuza duka mmoja alimwambia, "Dada, leo umeshusha kreti kama unazigombeza."

Nyumbani, mumewe akazima cherehani.

"Haya, sema. Tangu umeingia unaosha kikombe kimoja."

"Wameniita mwizi."

"Wamelitamka hilo neno?"

"Wamesema, zinaenda wapi."

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Wewe? Wewe uliyemkimbiza mteja wangu mpaka stendi kumrudishia vifungo viwili vilivyobaki?"

"Ngoja, baba watoto. Na kama kweli zinapotea?"

Hilo ndilo lililomkereketa. Angetukanwa na mtu, angejua la kujibu. Lakini hii ilikuwa namba, na Bi Ujazo aliheshimu namba kuliko alivyoheshimu watu wengi. Kesho yake alfajiri alilaza katoni chini ya gari, akalala chali juu yake na tochi, akafuata bomba la mafuta kwa kidole kutoka tangini mpaka kwenye injini. Kikavu. Akaiacha katoni palepale kwa saa nzima, gari likinguruma. Haikupata hata doa. Makanika wa kampuni naye akachungulia, akanusa, akatikisa kichwa. "Mama, hili gari limefunga kuliko mdomo wa shemeji yangu."

Jumatano akaenda ofisini kwa Mzee, akiwa amevaa kizibao na daftari mkononi. Bwana Asilimia alikuwepo.

"Mzee, sikuja kuapa," akasema. "Nimekuja nipimwe. Kesho tujaze tangi mpaka shingoni, huyu bwana akiona. Afunge mfuniko kwa karatasi ya gundi, atie sahihi yake juu. Apande nami kutwa nzima na simu yake. Tukirudi, ajaze mwenyewe, kwa mkono wake. Kitakachoingia ndicho gari lilichokula. Kama ni kumi nukta saba, funguo nitaziweka mezani kwako kabla hujaziomba."

Mzee alimtazama mkwewe. Mkwewe akasema sawa.

Jioni hiyo hakujaza tangi, makusudi; Alhamisi wakaanzia kituo cha mafuta. Bwana Asilimia mwenyewe alishika mkono wa pampu. Tak. "Imejaa," akasema, akataka kuuchomoa.

"Uache hapohapo. Hilo ni povu." Bi Ujazo akalitikisa gari kwa nyonga, kama zamani. Wakasubiri. Nyuma yao mtu akapiga honi. "Haya, ongeza. Polepole, usiikaripie."

Zikaingia lita mbili nyingine. Bwana Asilimia akatazama namba za pampu, akamtazama yeye, akarudi kwenye namba.

"Ungeishia pale kwenye tak," akasema Bi Ujazo, "jioni ningeonekana nimekunywa hizo mbili kwa mdomo wangu."

Mfuniko ukafungwa, sahihi ikatiwa, wakarudi kupakia, wakashika njia. Kitambaa kilikuwa kimeondolewa na simu inaonekana. Kwenye barabara ndefu ya kuingilia mjini namba zilikwenda vizuri, hata Bi Ujazo alizichungulia na kukubali kimoyomoyo kwamba si za kuokota.

Kituo cha kwanza alishusha kreti akarudi. Cha pili vilevile. Cha tatu muuza duka alikuwa mtu wa kuhesabu pakiti moja moja na kulalamikia kila ya tatu. Bwana Asilimia alibaki kwenye kiti, injini inanguruma, kiti kinamtikisa mashavu. Bi Ujazo aliporudi aliona kitu kwenye kioo cha simu: mchoro mdogo wa gari limefumba macho.

"Hilo gari mbona limelala?"

"Ndiyo inavyoonyesha gari likiegeshwa. Likisimama dakika mbili, inasitisha safari. Tukiondoka inaendelea."

"Na mafuta? Inaendelea kuyahesabu?"

"Hapana, si tumeegesha? Gari lililosimama hali..."

Injini ilikuwa inanguruma. Mgongoni mwao ile mashine ya baridi ilivuma kama nzi elfu moja ndani ya debe.

"Hicho kiti kinachokurusha kinakwambia tumelala?" akauliza Bi Ujazo.

"Kwa nini huzimi?"

"Nizime! Baridi ya nyuma inavutwa na injini hiihii. Nikizima vituo ishirini na sita, hospitali nitawapelekea maziwa au mtindi?"

Bwana Asilimia ndiye aliyeijaza ile programu kwa mkono wake. Iliuliza aina ya gari, akajibu. Iliuliza ukubwa wa injini, akajibu. Haikumuuliza mgongoni kuna nini, naye hakukumbuka kuwa mgongoni kuna kitu, ingawa kila alfajiri alisimama mbele ya boksi lile akila karanga.

Bi Ujazo naye alijisikia aibu kidogo, aibu ya mtu mzima. "Nami ningekitoa kile kitambaa siku moja tu," akasema, "tungelijua hili zamani. Nilinuna na simu kama ina kosa."

Kuanzia hapo kijana alitoa saa yake. Kila walipofika aliandika dakika, kila walipoondoka akaandika tena, na alipoona kukaa bure kunamchosha, akavua koti, akaanza kushusha kreti. Kiatu kimoja kikaingia kwenye dimbwi, hakukitazama. Hospitalini mpishi wa jikoni alimuuliza Bi Ujazo, "Huyu mpakizi mpya mnamtoa wapi? Amevaa kama bwana harusi."

"Yuko kwenye majaribio," akajibu Bi Ujazo, na Bwana Asilimia akacheka mpaka kreti ikamyumba mikononi.

Jioni, pampu ileile, saruji ileile. Sahihi kwenye mfuniko ilikuwa nzima. Akajaza mwenyewe. Tak. Safari hii hakuambiwa. Akasubiri, akalitikisa gari kwa nyonga, vibaya, kama mtu anayejifunza kucheza dansi, akasubiri tena, akaongeza mpaka dizeli ikang'aa.

Kumi na nne nukta sita.

Simu ilisema kumi nukta saba. Na karatasi yake ya dakika ilisema gari lilinguruma limesimama karibu saa nne nzima.

"Daftari langu limezoea kumi na tano," akasema Bi Ujazo, akiandika. "Leo zimepungua kwa sababu umenisaidia kushusha, tumekaa muda mfupi zaidi. Sitaki kuongopa kwa nukta."

"Hata huna haja ya..."

"Ninayo. Na simu yako nayo uitendee haki. Kwa wenzangu wanaofuata maziwa mashambani, wanakimbia moja kwa moja bila kusimama, inapatia. Nimeuliza. Kwangu mimi haioni."

Mzee alizisoma namba zote mbili usiku haujaingia, akavua miwani, akamwambia mama huyo kwamba funguo ni zake na yameisha.

"Hayajaisha, Mzee. Niwie radhi nikikwambia. Aliniuliza mbele ya watu. Na ajibu mbele ya watu."

Bwana Asilimia aliitazama sakafu, kisha akasema, "Ana haki."

Ijumaa alfajiri wapakizi walisimamisha kazi na madereva wote sita wakakusanyika. Bwana Asilimia akapanda juu ya kreti iliyopinduliwa. Akaanza na tofauti ya asilimia, Kreti akakohoa kwa makusudi, watu wakaguna. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Zile lita nne zilikuwa zinapoza maziwa," akasema. "Programu ilikuwa haizioni, na mimi nilikuwa siangalii. Nimekosea. Bi Ujazo hajachukua hata tone, na mtu anayetaka kujua tangi linajazwaje aniulize, mimi nimefundishwa naye."

Bi Ujazo alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono nyuma, kidevu juu, kizibao kimenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisikiliza mpaka neno la mwisho. Mashine za baridi zilikuwa zinavuma, na walio kule kwenye ngazi walikuwa wanaulizana amesema nini.

"Rudia," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia, kwa sauti ya kujaza uwanja.