Deth na Blak kwa Sikio la Msagaji

Mjukuu wangu wa kike alipoona napenda ule muziki wao wa kuunguruma, wanauita metali, akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa Mpanda wanaoupenda. Kazi yao ni kubishana bendi ipi ni ya metali aina ya deth na ipi ni ya blak. Mimi shule niliishia la pili, majina ya hizo bendi hata kuyasoma siwezi. Kijana mmoja akasema, "Babu, ukishindwa kutofautisha, tunakutoa."

Sitoki, nikamwambia. Nimesaga unga kijijini Kakese miaka mingi, na mashine naisikiliza kuliko nilivyomsikiliza marehemu mke wangu, Mungu anisamehe. Nikarekodi sauti: "Nyie wajukuu, deth ni mashine iliyojaa mahindi, inaunguruma tumboni. Blak ni mashine inayozunguka tupu, inalia juu, chuma kwa chuma."

Kisha yule kijana akatuma wimbo. "Haya Babu, na huu?"

Nikausikiliza wote. "Mwanzo inazunguka tupu. Katikati wamemwaga debe zima la mahindi."

"Aisee! Ndicho tunachobishania toka asubuhi!" akajibu. "Babu, hutoki."

"Si nilishakwambia?"