Picha Zilizokwama Koridoni

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Waya, maana mifuko ya koti lake haikukosa vipande vya waya, na hata kitinda mimba wake alishajua kwamba ukimkumbatia mama akitoka kazini, utachomwa tu. Kazi yake ilikuwa kutunza seva, kompyuta kubwa iliyokaa peke yake katika chumba cha baridi huko chini, ambamo picha zote za eksirei zilihifadhiwa. Daktari wa ghorofani akibonyeza, picha inamjia.

Wiki ile picha zikaanza kuja kwa mwendo wa kinyonga. Daktari wa mifupa, mtu wa maneno machache lakini yenye miiba, akampigia simu.

"Mama Waya, nina mtoto hapa kaanguka, mkono umevimba. Nimebonyeza, nikaenda kumwona mgonjwa mwingine, nimerudi bado naona nusu ya kiwiko. Hiyo seva yako imelala?"

Akaikagua. Seva ilikuwa nzima: nafasi tele, joto la kawaida, taa zote kijani. Mkuu wa utawala akatokea mlangoni. "Izime, uiwashe." Wakati wa chakula cha mchana Mama Waya akaizima, akaiwasha, na picha zikaruka kama panzi. Watu wakampongeza. Asubuhi iliyofuata, yale yale.

"Basi imezeeka," mkuu akasema. "Naagiza mpya."

"Usiagize, Mkuu. Mgonjwa hachimbiwi kaburi kabla hajapimwa. Nipe siku ya leo."

"Ya leo tu."

Akachomeka laptopu yake kwenye seva yenyewe, akaita picha nzito kuliko zote. Ikaja kabla hajapepesa macho. Akapanda ghorofani, akachomeka kwenye tundu la mtandao la ukutani karibu na wodi, akaita picha ile ile. Ikajikokota. Hapo akajua seva inasingiziwa. Ubaya uko njiani. Lakini akiwa bado anakuna kichwa, picha zikaanza kuja mbio, naye hajagusa kitu. Jambo hilo likamkera. Ugonjwa unaojiponya wenyewe, alisema moyoni, utajirudisha wenyewe.

"Sibanduki hapa," akajiapia. Akavuta kiti, akakaa koridoni na laptopu mapajani, akiita picha moja, tena na tena. Wauguzi wakapita wakicheka: "Fundi, umelazwa?" Mama yake mzazi akapiga simu.

"Umekula?"

"Bado, mama. Nimekaa koridoni naangalia picha."

"Koridoni! Na mimi niliyekusomesha nikijua utakaa ofisini!"

Alikuwa bado anacheka maneno hayo wakati picha ilipokwama. Akainua macho. Mbele yake, Mama wa Shuka, mtu mzima aliyefua na kukunja shuka za hospitali hiyo tangu ilipofunguliwa, alikuwa amerudi kutoka chumba cha kufulia, akiegesha toroli lake zito ukutani.

"Shikamoo, mama. Hebu livute kidogo toroli hilo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?" Akalivuta. Picha ikaruka.

"Lirudishe."

Ikakwama.

"Uchawi gani huu?" Mama wa Shuka akashika kifua. "Mimi nilikuwa naliweka kule mwisho. Wakaleta viti vya wagonjwa, nikaambiwa niegeshe hapa. Usije ukanichongea."

"Kosa si lako, mama. Ni la aliyepitisha waya usawa wa nyonga, penye njia ya watu."

Akafungua kwa bisibisi bomba bapa la plastiki lililofuata ukuta. Ndani, waya ulikuwa umepondwa, ngozi imechunika, nyuzi mbili zimeshikana kwa kudra tu. Toroli lilipogandamiza, nyuzi ziliachana, na kompyuta zikawa kama watu wanaosemezana penye kelele: kila neno mpaka lirudiwe. Hata jana mchana, toroli ndilo lililokuwa limeondolewa; kuzima seva hakukuponya kitu.

Mkuu akapendekeza wauzungushie utepe tu, mambo yaende. Mama Waya akakataa katakata. Alivuta waya mpya kupitia juu ya dari, kutoka kabati la swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta, hadi wodini, vumbi likimwingia machoni na mabega yakimwaka moto. Mama wa Shuka ndiye aliyeshika ngazi. Kila aliyejitolea kumpokea alimfukuza. "Huyu nimemshika mimi."

Jua lilikuwa halijazama alipobana kichwa cha mwisho cha waya. Daktari wa mifupa akampigia simu tena.

"Njoo."

Akaenda, amejiandaa kwa miiba. Daktari akamgeuzia kioo cha kompyuta: kiwiko cha yule mtoto, na ufa mwembamba kama unywele kwenye mfupa. "Jana nilimfunga bandeji tu, nikamwambia arudi leo. Bila picha hii iliyo kamili nisingeuona. Nimeshamfunga plasta."

Mama Waya akainama karibu. Miaka yote hiyo alikuwa akizichunga picha kwa maelfu, akizijua kwa uzito na mwendo wake tu, hata leo koridoni, na hajawahi kuketi akautazama mfupa ulio ndani ya hata moja. Kifupa kilikuwa kidogo mno. Akakitazama mpaka daktari akamsogezea kiti.