Mikanda ya Gari la Baba

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, wiki moja baada ya kumzika Baba. Trela ilikuja kwetu, mtaa wa Jericho, kuchukua gari lake. Leo nimeona gari lingine limefungwa mikanda juu ya trela vivyo hivyo, nikakumbuka kila kitu.

Dereva wa trela alikaza mikanda kwenye magurudumu, ikalia krr, krr. Nilikuwa mdogo, nikadhani gari limekataa kwenda bila Baba.

“Msiifunge, inaumia!” nikalia.

“Tulia, mami,” dereva akaniambia. “Tusipoikaza itaanguka njiani.”

Mama akageukia ukuta. Sasa najua alikuwa ameliuza.

Kila Jumapili mimi na Baba tuliliosha kabla ya kanisa. Kesho yake asubuhi nilibeba ndoo na kitambaa, nikaosha simiti tupu pale lilipokuwa likiegeshwa, nikilizunguka doa la oili lisije likatoka.