Wigi la Darrell Pruitt

Darrell Pruitt alizaliwa Bakersfield, mtoto wa fundi wa visima vya mafuta. Lakini kwa miaka minne hapa Los Angeles aliitwa Rexy Vane, mwimbaji wa bendi ya Satin Havoc, na wasichana walikuwa wakilia wakimwona anashuka garini. Mimi Lorraine nilikuwa msusi wao. Yaliyompata yana mkono wangu ndani yake, na sitajitakasa.

Mwaka 1987 bendi za namna yao zilijaa barabara ya Sunset kama siafu. Wanaume wazima walipaka wanja na rangi ya midomo, wakavaa suruali za kubana mpaka kukaa ikawa taabu, wakapiga roki ya kupasua masikio. Kila Ijumaa walishuka barabarani wamejipamba, wakigawa vipeperushi na kubandika vyao juu ya vya wenzao. Ijumaa moja Darrell alikuta nguzoni picha ya mwimbaji wa bendi nyingine, nywele zake nyeupe pe kuliko za kwake. Kesho yake walikuwa wapigwe picha ya jalada la albamu yao ya kwanza. Hakulala.

Asubuhi akaja saluni kwangu, Reseda. Nikampaka dawa ya kutoa rangi, nikamwosha, zikatoka na umanjano wa siagi. Akataka tena. Nilijua ngozi haistahimili dawa ile mara mbili kwa siku moja. Nimeisomea kazi hii. Lakini alikuwa mzuri yule mtu, na mimi nilikuwa mjinga. Akanishika mkono, akasema, "Lori, dada yangu, nifanye ning'ae." Nikapaka. Wala sikutazama saa, maana alikuwa ananiimbia wimbo mpya.

Nywele zote zilibaki kwenye sinki. Ngozi ilitoka malengelenge, na ilipopona ikaacha makovu yasiyoota kitu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniapisha tu nisimwambie mtu. Siku ile ile nilichukua wigi jeupe la saluni, nikalipulizia spre likasimama, nikamvalisha juu ya bandeji. Gil Stroud, mpiga besi na rafiki yake tangu shule, hakushuku lolote. Alimtania tu kwamba leo amefunika, hata mama yake angemwomba sahihi.

Albamu ikapaa. Picha ya kichwa kile ilibandikwa vyumbani mwa wasichana nchi nzima, na Darrell akawa analala na wigi kwenye basi la bendi na kuoga amejifungia.

Mwaka 1991 upepo ukageuka. Vijana walitoka Seattle na mashati ya drafti na nyimbo za huzuni, na kwenye maonyesho yetu viti vikaanza kubaki vitupu. Kampuni ya muziki ikawaita: wafute wanja, wakate nywele, wapigwe picha mpya, la sivyo albamu ya tatu haitoki. Wenzake watatu wakaja kukata kwangu siku moja. Darrell alisimama mlangoni.

"Zamu yako," Gil akamwambia.

"Mimi sikati."

"Ni nywele tu, we mtu."

"Basi kama ni nywele tu, niachieni zangu."

Nilimkazia macho ili aseme. Wangemcheka siku moja, yangeisha. Mficha uchi hazai, na Darrell alificha. Aliondoka, wakatafuta mwimbaji mwingine, albamu ikafa kabla ya Krismasi na bendi ikaifuata kaburini. Mashabiki wachache waliobaki walimsifu Darrell kuwa ndiye pekee aliyekataa kuuza roho yake. Laiti wangejua.

Tangu hapo amekuwa akibeba mazulia kwenye ghala la Van Nuys. Wakati wa kiangazi huimba nyimbo zile zile kwenye maonyesho ya wakulima, kati ya mashindano ya nguruwe na vibanda vya maandazi. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi huja kwangu nimtengenezee wigi. Hili la sasa ni la saba.

Mwaka jana Gil mwenyewe aliingia saluni, upara wake unang'aa kama sahani. Donnie, mpiga ngoma wao, alikuwa na saratani ya ini, na alichoomba ni kupiga mara moja tu na Darrell akiimba. "Mwambie sote tumebaki vipara," Gil akasema. "Aje alivyo."

Nilifurahi kama mtoto. Jumanne ilipofika nikamweleza Darrell yote. Nikamvua wigi, nikaliweka mapajani mwake, nikamgeuzia kiti kwenye kioo. Akajitazama, akapitisha kidole juu ya makovu.

"Nikivua leo, Lori," akasema, "basi hata siku ile wenzangu walipokata ningeweza kuvua."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ile ingekuwa imepotea bure, na yeye ndiye aliyeipoteza. Aliniomba nimrudishie wigi, nimwambie Gil kwamba tarehe hiyo ana onyesho Bakersfield. Hakuwa na onyesho lolote. Nikapiga simu, nikasema hivyo hivyo.

Donnie alizikwa Novemba. Jumanne ya kwanza ya Desemba Darrell alikuja kama kawaida, akakaa kwenye kiti kile kile, akaniomba wigi niliongeze weupe kidogo. Nililipaka dawa mara moja tu, nikakaa naangalia saa.