Jirani Aliyemteremsha Mjukuu Wangu

Wasomaji wangu, Alhamisi tuliusindikiza mwili wa jirani yangu wa hapa Uthiru, uende kuzikwa kwao magharibi. Ni yule mama aliyelea watoto wa ploti nzima ya vyumba vyetu vya kupanga wakati mama zao wakifua na kupika kwa watu kule Loresho. Waombolezaji walisema alikuwa mpole. Uongo mtupu. Mdomo wake ulikuwa pilipili, na shahidi ni mimi, kwa sababu tulishindania wajukuu kama wanaume wanavyoshindania ng'ombe. Wake aliwahi kukaa, wangu akaota meno kwanza. Tulikuwa sare, mpaka wake akainuka akatembea, wangu akabaki amekaa kama tajiri anayesubiri chai.

Mwaka ukapita, ukaelekea wa pili. Usingizi ulinipotea. Mwanangu na mkewe huenda kazini mjini alfajiri. Mtoto akilemaa, nitakayeulizwa ni mimi nyanya yake. Muuguzi wa kliniki alimkunjakunja miguu, akasema ni mzima, nimweke chini tu. Lakini alikuwa msichana mdogo, angejua nini? Nikakumbuka dawa ya kwetu. Nikachimba shimo kando ya mfereji, nikamsimamisha mjukuu ndani, nikamfukia mpaka kiunoni. Alifurahi sana. Akala udongo. Jirani akaja kuchota maji, akatutazama, akauliza kama huo mgomba nitautilia mbolea. Nilipomwambia ni miguu inanitia hofu, aliacha kucheka. Akamng'oa mtoto, akamkung'uta.

"Shosho, huyu hana ugonjwa, ana dereva. Kutwa yuko mgongoni mwako, atatembea aende wapi?"

Kweli nilimbeba kutwa. Uani kuna tope, kuna kuku, kuna watoto wenye mafua, na mjukuu wangu ni mzuri. Basi akanifungua leso bila ruhusa, akaenda nayo kwake. Tangu siku hiyo alinikalisha kwenye kigoda mlangoni pake, akanikataza kumnyanyua mtoto hata akilia. Mtoto alilia, nami nikalia. Halafu asubuhi moja akashika ukuta, akauachia, akaja akiyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nikafungua mikono. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa jirani, aliyekuwa akila ndizi.

Sura yangu ilinisaliti, maana aliniambia, "Usinune, shosho. Kwangu amefuata ndizi. Akijinyea atarudi kwako."

Na alirudi, vilevile alivyosema.

Siku hizi naona watoto wa matajiri kule Karen wakisukumwa kwa vigari hata pale penye nyasi laini. Sisi tunawafunga migongoni. Hofu ni moja: tunaogopa waanguke, na zaidi tunaogopa waende. Huyu mama hakuogopa, ndiyo maana ploti yetu imejaa watoto wenye magoti ya makovu na miguu ya chuma. Mbebe mtoto, sikatai. Lakini ifike siku umweke chini, ufungue mikono, na akikupita umpigie makofi.