Salamu kwa Gia ya Kwanza

Maisara Badawi alikuwa amefikia umri ambao Mji wa Kale humtarajia mwanamke awe ama ameolewa ama amesoma. Na yeye, kwa bahati yake, alikuwa amesoma. Shahada yake ya ufamasia ilitundikwa ukutani katika duka la dawa alilolisimamia Ganjoni, na jamaa zake waliitaja kwa sauti ya kumpa mtu pole. Waliivumilia hata hivyo. Jambo lililowashinda kuvumilia ni pikipiki.

Zamani alikuwa na skuta isiyo na gia, kichombo cha upole kilichopita vichochoroni kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji. Ilipochakaa, akanunua pikipiki nyekundu yenye injini ndogo na hasira nyingi. Muuzaji alimweleza kwamba nguvu za injini ile zinakaa juu, mshale unaopima mizunguko yake ukishapita namba saba. Chini ya nne haina ila kutikisika na kuzima. Maisara aliitikia kwa kichwa, akidhani amefahamu.

Hakufahamu, kwa sababu alikuwa amelelewa asisikike. Kila injini ilipopaza sauti aliona haya, kana kwamba ni yeye anayefoka arusini, akawahi kutia gia ya pili, kisha ya tatu, ili inyamaze. Nayo ilinyamaza kweli: ilikohoa, ikarukaruka kama punda aliyegoma, ikazima.

Na mahali ilipopenda kuzimia ni pale pale kwenye mwinuko wa kuelekea barabara ya Ndia Kuu, mbele ya baraza la ami yake, Jamaldin, mkuu wa ukoo. Hapo Ami Jamaldin aliketi kila asubuhi na rafiki yake Bwana Khubaib, karani mstaafu wa forodha, ambaye hajapata kuendesha chombo chochote cha moto na kwa hiyo alikuwa na rai juu ya vyote.

Adabu ya mtaa ni kwamba aliyepanda humsalimu aliyeketi, na husalimu kwa mkono wa kulia. Aliyeunda pikipiki hakuulizwa. Kishikio cha kuongezea mafuta alikiweka mkono huo huo wa kulia.

Siku ya kwanza Maisara aliinua mkono wa kulia kwa heshima zote. Injini, ilipoachwa bila mafuta katikati ya mwinuko, ikakata roho. Pikipiki ikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikasimama miguuni pa wazee.

"Aleikum salaam," akajibu Bwana Khubaib kwa utulivu. "Mbona umesimama, binti? Una haja nasi?"

Siku ya pili akainua wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa na nafasi. Kabla hajafika Ganjoni, mamake alikwisha kuletewa habari kwamba binti yake amewasalimu wazee kwa mkono wa chooni. Siku ya tatu akaushika usukani kwa mikono yote miwili, akatoa salamu kwa mdomo ndani ya helmeti. Hakuna aliyesikia.

"Yuwapita kama tumekuwa vigingi," alilalamika Bwana Khubaib.

Jioni hiyo Ami Jamaldin alikuja nyumbani kutoa hukumu. Ukumbi wa chini ilimolala pikipiki ulikuwa mali yake, na mlango mwingine wa upana ule haukuwako katika kichochoro kizima.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema. "Ikizima tena mbele ya watu, ukumbini mwangu hailali kwa jina lako. Ufunguo apewe Fahmi. Pikipiki yataka mwanamume."

"Nimeinunua kwa jasho langu, Ami."

"Hakuna aliyekukataza jasho, mwanangu."

Fahmi, mdogo wake Maisara, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kazi, na aliifanya zaidi akiwa amelala, aliinamisha kichwa kama mrithi mazikoni. "Nitakutunzia, dada," alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Mamake Maisara alimtazama tu binti yake kwa macho ya mtu aombaye pasiwe na ugomvi, na macho hayo ndiyo yaliyomfanya Maisara akubali sharti la kipuuzi juu ya chombo chake mwenyewe.

Kesho yake Ami akamruhusu Fahmi aijaribu. Wazee walisimama kumpokea. Fahmi alikwea mwinuko kifua mbele, akaunyanyua mkono wa kulia kama mgombea ubunge, na pikipiki ikazima. Ilimrudisha nyuma, ndara moja ikabaki juu na mwenyewe akabaki chini.

"Mafuta ya siku hizi yana maji," alisema Bwana Khubaib papo hapo.

"Na gia za kigeni hazikuundwa kwa ajili ya mawe yetu," aliongeza Ami, akimpangusa Fahmi kanzu.

Maisara aliyaona yote kutoka dirishani. Ikimzimia yeye, kosa ni la jinsia nzima. Ikimzimia nduguye, kosa ni la kituo cha mafuta. Lakini kwa vile aliangalia kutoka juu, aliona pia lile ambalo wazee hawakuwa na haja ya kuliona: injini ilikufa wakati ule ule kiganja kilipoachia kishikio cha mafuta.

Alasiri akaenda uwanja wa Tononoka pamoja na Mwende, mfamasia mwenzake, aliyeketi kwenye kivuli cha ukuta akila karanga na kumcheka.

"Maisara, mbona unaibembeleza? Unabadilisha gia kama mtu anayeficha nyama!"

"Inapiga kelele mno!"

"Kwani imekutukana?"

Maisara akauma meno. Akatia gia ya kwanza, akaongeza mafuta mpaka haya zikamjia, kisha akaongeza tena. Injini ililia, ikapiga yowe. Mshale ukapita saba, na hapo, kinyume cha yote aliyofunzwa, pikipiki ikatulia. Mtikisiko ukaisha, ikavuta kwa nguvu moja iliyonyooka. Alipobana klachi na kunyanyua gia kwa ncha ya kiatu, ya pili iliingia bila kinyongo. Akazunguka uwanja mpaka Mwende akamaliza karanga.

Ijumaa baraza lilijaa. Waliokuja walisema wanapunga upepo. Fahmi alisimama karibu na ukuta, mkono tayari umejikunja kupokea ufunguo. Bwana Khubaib aliinua mkono wake wa salamu mapema, ili auone wa Maisara unavyoachia mafuta.

Maisara alifungua kioo cha helmeti. Aliupanda mwinuko kwa gia ya kwanza bila kuibadilisha, injini ikipiga yowe baina ya kuta mpaka madirisha yakafunguka, mikono yote miwili usukanini. Alipofika mbele ya wazee akavuta pumzi.

"Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh!"

Sauti ilitoka tumboni, ikaipita injini. Salamu ikisikika hujibiwa, watake wasitake. Wakajibu wote, Fahmi naye, kwa mnyong'onyo. Maisara akafika Ndia Kuu, akatia ya pili, akapotea.

"Haikuzima," alisema Bwana Khubaib.

"Haikuzima," alikiri Ami Jamaldin. "Lakini ile sauti, Khubaib! Sauti ya binti wa watu isikike hadi Ndia Kuu?"

"Kwa hiyo ufunguo?" aliuliza Fahmi.

"Subiri. Tutaweka sharti jingine."

Maisara aliporudi magharibi ikikaribia, alimkuta ami yake amekaa kwenye kizingiti cha ukumbi, miguu ameinyoosha mlangoni. Alisimamisha pikipiki mbele yake, asiizime.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Maisara, tumekaa tukaonelea kwamba mwanamke..."

Maisara akakaza mafuta kidogo. "Naam, Ami? Sikusikia."

"Nasema, si heshima mwanamke..."

Akakaza tena, uso umejaa unyenyekevu. "Inanguruma, Ami. Ukizungumza kwa chini haikuachi usikike."

Ami Jamaldin akasimama, akakusanya pumzi zake zote. "NASEMA SI ADABU KUPIGA KELELE MTAANI!"

Madirisha yakafunguka juu na chini. Bibi mmoja ng'ambo ya pili akauliza kuna nini, mbona mzee mzima afoka. Ami Jamaldin akayatazama madirisha moja baada ya jingine, kisha akasogea kando ili pikipiki iingie.